Je, fasihi ya watoto tuliletewa na wamisionari? Jibu kwa mwalimu anayeandaa kabati la vitabu

«Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu katika shule ya msingi ya Serikali. Wazazi wamechanga shilingi laki tatu ili tununue vitabu vya hadithi na kuanzisha kabati la vitabu darasani. Katika kikao, mwenzangu mmoja alisema kwamba fasihi ya watoto ni jambo la Wazungu, kwamba lilianza Uingereza mwaka 1744 na kuletwa huku na wamisionari, na kwamba kabla ya hapo watoto wetu hawakuwa na fasihi. Mzazi mmoja naye akasema hadithi zetu za mazimwi zinatisha mno, afadhali tununue vitabu vya tafsiri vyenye picha nzuri. Mimi nililelewa na hadithi hizo na sioni kama zilinidhuru, ila sikuwa na hoja ya kujibu. Ukweli ni upi, na nianzie wapi kununua?»

Mwalimu, umeuliza mambo matatu kwa mkupuo: asili ya fasihi ya watoto, madhara ya hadithi za kutisha, na matumizi ya laki tatu za wazazi. Swali la kwanza linaweza kuonekana la kitaaluma tu, lisilo na uzito kwa mtu anayesubiriwa na watoto darasani, lakini kwa maoni yangu ndilo linaloamua la tatu, kwa sababu ukishajua vitabu vya watoto vimekuwa vikiandikwa kwa ajili ya nani na kwa fedha za nani, utavichagua kwa jicho jingine.

Mwenzako hakuutoa hewani huo mwaka wa 1744. Ndio mwaka ambao mchapishaji wa London aitwaye John Newbery alitoa kijitabu kidogo cha mashairi, michezo na herufi kilichoitwa A Little Pretty Pocket-Book. Kiliuzwa kwa peni sita, na aliyeongeza peni mbili alipewa mpira kwa mtoto wa kiume au kifuko cha kuchomekea pini kwa mtoto wa kike. Upande mmoja wa mpira au kifuko hicho ulikuwa mwekundu na wa pili mweusi: mtoto akitenda jema pini ilichomekwa upande mwekundu, akikosea ilichomekwa upande mweusi. Newbery alikuwa mfanyabiashara hodari. Aligundua kwamba wazazi wa tabaka la kati, waliokuwa wakiongezeka mjini London, wangelipia kitu kinachomfurahisha mtoto iwapo wangeahidiwa kwamba kitamfunza adabu pia. Kwa hiyo mwaka 1744 unafaa kukumbukwa kuwa mwaka ambao soko la vitabu vya watoto lilipata mwenyewe nchini Uingereza. Kuuita mwanzo wa fasihi ya watoto ni kutia chumvi, hata kwa Ulaya yenyewe. Mwaka 1658 mwalimu wa Kicheki, Jan Amos Comenius, alikuwa amekwisha kutoa mjini Nuremberg kitabu cha picha cha kuwafundishia watoto Kilatini na Kijerumani, na mwaka 1697 Charles Perrault alichapisha Ufaransa mkusanyiko wa ngano ambazo zinasimuliwa hadi leo.

Tukitoka Ulaya, historia inarudi nyuma zaidi. Panchatantra ya Wahindi, mkusanyiko wa visa vya wanyama uliofumwa ndani ya kisa kimoja kikubwa, yenyewe inajieleza kwamba ilitungwa ili kuwafunza wana wa mfalme waliokuwa wazito wa kuelewa. Ilipita kwa Waajemi, na katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akaiandika kwa Kiarabu kwa jina la Kalila wa Dimna, na visa vyake vikasafiri na majahazi hadi pwani yetu. Unakijua kisa cha kima na papa. Kima alikaa juu ya mkuyu ulioinamia bahari, akamtupia papa matunda kila siku hadi wakawa marafiki. Siku moja papa akamwalika kwao, na walipokuwa katikati ya bahari akamfichulia kwamba sultani wao anaumwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akamjibu kwa utulivu kwamba laiti angeambiwa mapema, maana kima hutembea bila mioyo, huiacha mitini. Basi warudi akauchukue. Katika masimulizi ya Kihindi mnyama wa majini ni mamba. Pwani ya Zanzibar akawa papa, na hakuna mtoto wa Unguja atakayekwambia kwamba kisa hicho si cha kwao.

Kwa maandishi nako hatukuwa mikono mitupu. Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, akimwita akaribie, atwae wino na karatasi na kuusikiliza wasia wa mama mgonjwa. Tunaweza kubishana, na wasomi wamebishana sana, kuhusu mafunzo yake juu ya mke na mume. Hata hivyo, pale pana mzazi anayemtungia mtoto wake mahususi, katika lugha ya pwani na kwa hati ya Kiarabu, bila kuagizwa na mmisionari yeyote.

Hata hivyo, mwalimu, usiende kikaoni ukadai kwamba kila hadithi ya bibi ilikuwa fasihi ya watoto, kwa maana hapo mwenzako atakushinda. Ngano zilisimuliwa jioni mbele ya watu wa rika zote, na nyingi zina mambo ya wakubwa: wivu wa wake wenza, hila za makadhi, urithi, uchawi, njaa. Mtoto alisikiliza akachukua saizi yake, na mengine akayaelewa alipokua. Kilichokosekana ni kile kitu mahususi tunachokiita leo kitabu cha watoto: kilichopigwa chapa, chenye picha, kilichopimwa kwa umri wa msomaji na kuuzwa kwa jina hilo. Hapo mwenzako ana nusu ya ukweli, kwani kitu hicho kilikuja na misheni na shule za kikoloni.

Kilivyokuja ndiko kwenye fundisho. Mwaka 1870 Edward Steere wa misheni ya Universities' Mission to Central Africa, aliyekuja kuwa askofu Zanzibar, alichapisha London mkusanyiko wa ngano za Kiunguja alizosimuliwa na watu wazima wa pale, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa wa pili. Kisa cha kima na papa kimo humo. Lakini msomaji aliyekusudiwa alikuwa mgeni anayejifunza lugha na kutaka kuwajua wenyeji. Mtoto wa Unguja hakuwamo katika hesabu. Baadaye serikali za kikoloni zilipoanza kuendesha shule ndipo mtoto akaonekana, akiwa mwanafunzi. Mwaka 1923 Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianzisha gazeti la Mambo Leo, lililochapisha pia hadithi na mashairi. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya nchi nne, yaani Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, ikaanza kazi ya kukagua lugha ya vitabu vya shule. Katika miaka hiyohiyo zikatoka tafsiri za riwaya za Kiingereza za safari na hazina, na mwaka 1940 ikatoka Elisi katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya kisa maarufu cha Lewis Carroll. Kisha mwaka 1948 likaundwa Shirika la Vitabu la Afrika ya Mashariki, ambalo lilianza kuchapa kazi za waandishi wa huku kwa wingi zaidi.

Katika orodha hiyo hutamwona Newbery wa Kiswahili. Hakutokea mfanyabiashara aliyesimama mlangoni pa duka akimtongoza mzazi kwa mpira na kifuko cha pini. Mnunuzi alikuwa shule, na nyuma ya shule alikuwa Serikali au misheni, na baadaye wafadhili. Uhuru ulibadilisha yaliyomo, ukaleta mashujaa wetu, vijiji vyetu na siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, lakini mlango wa kuingilia sokoni ulibaki uleule. Kenya ilipofanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa katika mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, hadithi za Kiswahili za watoto ziliongezeka haraka, kwa sababu ileile kwamba shule zilikuwa zinanunua. Tanzania, baada ya uhaba mkubwa wa vitabu wa miaka ya 1980, Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianzishwa mwaka 1991 na kufanya jambo ambalo naliona la busara sana: ulinunua sehemu ya nakala za kila kitabu kilichokubaliwa na kuzipeleka shuleni, ili mchapishaji asiogope hasara.

Fasihi ya watoto kila mahali ina tatizo hili la kuzaliwa nalo, kwamba anayelipa si yule anayesoma. Mtu mzima hulipa, na mtu mzima hununua kile anachodhani mtoto anapaswa kuwa. Pale anayelipa anapokuwa mzazi, utapata vitabu vingi vya kulaza watoto, vya kuchekesha na vya zawadi. Pale anayelipa anapokuwa shule, utapata vitabu vya ziada: hadithi inayofunga kwa onyo, msamiati mgumu uliopigwa wino mzito, na maswali ya ufahamu ukurasa wa mwisho. Ndiyo maana kwa Kiswahili ni rahisi zaidi kupata hadithi ya mtoto wa darasa la tano aliyeshinda mitihani kuliko kitabu cha picha cha mtoto wa miaka mitatu, kwani mtoto huyo bado hana shule ya kumnunulia. Ndiyo maana pia vichekesho ni vichache. Waandishi wetu wanajua sana kuchekesha; mswada unaochekesha bila kuonya ndio unaopata taabu kueleza faida yake mbele ya kamati.

Sasa nije kwa zimwi. Mzazi anayeogopa si mjinga, na hofu yake ni ya zamani kuliko yeye. Ila amedanganywa na picha nzuri akadhani ngano za Ulaya ni laini tangu kuumbwa. Katika maandishi ya Perrault ya mwaka 1697, msichana mwenye kofia nyekundu analiwa na mbwamwitu na kisa kinaishia hapo. Hakuna mwindaji anayekuja kumwokoa. Ndugu Grimm, wakusanyaji wa ngano wa Kijerumani, walipotoa juzuu yao ya kwanza mwaka 1812, yenye maelezo ya kitaalamu yasiyomhusu mtoto hata kidogo, mama aliyetaka watoto Hansel na Gretel watelekezwe msituni alikuwa mama yao mzazi. Kufikia toleo la mwaka 1840 alikuwa amegeuzwa mama wa kambo, kwa kuwa wazazi wa Kijerumani hawakupenda kuwasomea watoto wao habari ya mama mzazi wa namna hiyo. Mwaka 1825 walitoa toleo dogo la hadithi 50 lenye picha kwa ajili ya nyumba zenye watoto, na hilo ndilo lililowapa mlango mpana wa kuingia majumbani. Wao walizihariri hadithi zao hatua kwa hatua kwa zaidi ya miaka 40. Za kwetu tunatakiwa tuzitupe siku moja katika kikao cha wazazi.

Hofu ya hadithi inafanya kazi vipi? Chukua kisa cha msichana aliyesahau kombe lake ufukweni. Wenzake wanakataa kurudi naye, anarudi peke yake huku akiimba ili kujipa moyo, na zimwi lililokaa juu ya mwamba linamtia ndani ya ngoma. Linazunguka nayo vijijini likila na kunywa bure kwa sababu ngoma yake inaimba kwa sauti tamu, hadi linapofika kijiji cha msichana mwenyewe na mama anaitambua sauti ya mwanawe. Zimwi linaleweshwa, msichana anatolewa, ngoma inajazwa nyuki. Msimulizi anayeijua kazi yake haimbi peke yake. Anawaimbisha watoto wimbo ule kila zimwi linapofika kijiji kipya, kwa hiyo kwa kijiji cha tatu watoto wote wamo ndani ya ngoma na wote wanajua kwamba sauti yao ndiyo itakayowatoa. Kuna na «Paukwa!» ya mwanzo inayoufungua uongo mbele ya macho yao, na fomula ya mwisho inayoufunga. Mtoto anaogopa akiwa amekaa ubavuni mwa mtu anayemwamini, kwa muda unaojulikana, na anatoka na ushindi.

Ukiichapa hadithi hiyo kwenye kurasa nne bila wimbo, bila fomula, na mchoro wa zimwi lenye meno yanayotiririka damu, umeondoa kila kilichokuwa kinamlinda mtoto na umebakiza kinachomtisha. Kwa hiyo hoja yako kikaoni iwe kwamba zimwi libaki, lakini lisomwe kwa sauti, na mwalimu awepo. Kwa watoto wa miaka minane au tisa visa vya namna hiyo vinafaa kabisa pale mtoto anaponusurika kwa akili yake au kwa msaada wa watu wake. Visa ambavyo mtoto anaadhibiwa kwa kifo kwa sababu ya kosa dogo, mimi ningeviacha, viwe vya Kihehe, vya Kijerumani au vya dini yoyote. Na ngano zinazomfanya mlemavu au albino kuwa kiumbe wa ajabu wa kuwindwa zisiingie darasani kwa kisingizio cha utamaduni. Watoto wa aina hiyo mnao, au mtakuwa nao, na wameumizwa vya kutosha.

Kuhusu kununua: tafsiri si adui, na historia inatuonyesha hivyo. Mbweha wa Esopo aliyezikosa zabibu aliingia katika vitabu vyetu vya shule akawa sungura anayezirukia ndizi, na vizazi vizima vya Watanzania vinasema «sizitaki mbichi hizi» bila kumkumbuka Mgiriki. Shida ya tafsiri nyingi za bei nafuu zilizoko sokoni ni Kiswahili chake, ambacho kinatembea kwa mwendo wa lugha nyingine, na mtoto anayejifunza kusoma hana namna ya kujua kwamba kosa si lake. Kabla ya kulipa, fungua kitabu katikati na usome ukurasa mmoja kwa sauti palepale dukani. Ukijikwaa mara mbili wewe uliye mwalimu, kirudishe, hata kama picha zake zinang'aa. Ukiweza, nenda na wanafunzi wawili, mmoja msomaji mzuri na mwingine anayesuasua, uone wanachoking'ang'ania.

Kwa laki tatu, ningetumia zaidi ya nusu kwa hadithi zilizotungwa kwa Kiswahili na waandishi wa huku, nikinunua majina mengi ya vitabu kwa nakala moja au mbili kila kimoja badala ya nakala 20 za kitabu kimoja. Najua wakaguzi wanapenda kuona kila mtoto ana kitabu kilekile, lakini hilo ni hitaji la vitabu vya kiada, na kabati lako lina kazi nyingine: mtoto ajifunze kuchagua, na kukiacha kitabu kisichomfaa. Tafuta vichekesho kwa makusudi, kwa kuwa havitajileta vyenyewe. Weka vitabu viwili vitatu vyenye maneno machache na picha kubwa kwa wale ambao bado wanasoma kwa silabi. Wasiambiwe kwamba ni vya wadogo. Sehemu ndogo itumike kuchapa hadithi za bure kutoka mradi wa African Storybook, unaotoa hadithi za picha kwa Kiswahili na lugha nyingine za Afrika kwa leseni inayoruhusu kunakili. Ubora wake haulingani, kwa hiyo zipite kwenye mtihani uleule wa kusoma kwa sauti.

Kabla ya kufanya malipo, pita kwa afisa elimu wa kata ukaulize kuhusu vitabu vyenye ithibati ya Taasisi ya Elimu Tanzania; ni afadhali kuuliza mapema kuliko kuambiwa uviondoe baada ya wazazi kuchangia. Fika pia maktaba ya mkoa ya Bodi ya Huduma za Maktaba, uombe kuona sehemu ya watoto na kuzungumza na mkutubi ana kwa ana, kwani yeye anaona vitabu vinavyochakaa kwa kuazimwa na vile ambavyo havijafunguliwa, na hilo huwezi kulijua kutoka kwenye jalada. Ukiwa na mtoto ambaye baada ya hadithi za kutisha anakosa usingizi kwa wiki kadhaa, anakojoa kitandani ilhali alikwisha kuacha, au anakataa kuja shule, usimalize jambo kwa kubadilisha kitabu. Zungumza na mzazi faraghani na umshauri wamwone mhudumu wa afya au afisa ustawi wa jamii, kwa kuwa mara nyingi hadithi imegusa kitu ambacho kilikuwepo nyumbani kabla yake. Vivyo hivyo, mtoto wa darasa la tatu anayeshika kitabu karibu mno na uso, au anayekariri hadithi nzima kwa kusikia lakini hawezi kusoma neno moja, apimwe macho kwanza na aonwe na mwalimu wa elimu maalumu.

Kuna kitabu kimoja zaidi ambacho hakitakugharimu zaidi ya daftari kubwa na gundi. Waagize watoto wawaombe babu na bibi zao hadithi moja kila mmoja, waziandike kwa maneno yao, wachore, na juu ya kila hadithi waandike jina la msimulizi na mahali alipoisikia, baada ya kumwomba ruhusa. Zitakuja katika Kiswahili kilichochanganyika na lugha za nyumbani. Nyimbo ziache katika lugha zake. Zisome wewe kwanza, na palipo na msimulizi aliyesema kwamba hadithi yake si ya watoto, mtii. Zilizobaki zifunge pamoja, ziingie kabatini na namba ya kuazimia kama vitabu vingine, na ukurasa wa mwisho wa kila hadithi msiweke maswali.